Wafaransa miaka 64 wanawasha moto, Wadenmark miaka 70 wametulia, siri nini?

Mzee_wa_Rangi3:
Heshima kwenu wakuu. Juzi kijiweni tulianza na kikokotoo cha pensheni kama kawaida, mara asilimia 33 mara 40, kila mtu ana mjomba mwalimu aliyestaafu akapewa tofauti na hesabu yake ya bati na tofali, basi mjadala ukahamia Ulaya. Nakumbuka 2023 kwenye TV Paris ilikuwa inawaka, takataka zimerundikana mitaani kama dampo, kisa Macron kapandisha umri wa kustaafu kutoka 62 kwenda 64. Miaka miwili tu! Halafu Mei 2025 bunge la Denmark limepitisha 70, SABINI, na sijaona hata tairi moja limechomwa. Sasa mnaobeba boksi huko nieleweshеni, Wadenmark ni wapole au Wafaransa ni wakorofi? Na pili, hawa si wana Umoja wa Ulaya, mbona kwenye pensheni kila nchi na lwake?

Kamba_Mbili:
Mkuu nipo Marseille mwaka wa 11, ngoja nikupe mtu ninayemjua. Nafanya usafi na mama mmoja Mngazija, tunaingia kazini saa kumi alfajiri, akiinama kuokota ndoo magoti yanalia kama bawaba isiyo na mafuta. Alikaa nyumbani kulea watoto kwa hiyo miaka ya michango haimtoshi, na hapa ukiwa hujatimiza (inaelekea 43) pensheni inakatwa, hutaki kukatwa subiri 67. Hiyo 67 ilikuwepo kabla ya hii rifomu ya Macron. Aliyesoma chuo mpaka ana miaka 24 naye haimgusi sana maana 24 jumlisha 43 ni 67 hiyohiyo. Aliyeumizwa na hiyo 64 ni yule aliyeanza kazi mapema, fundi, dereva, msaidizi wa manesi, katimiza michango yake anaambiwa ngoja kidogo.

Lakini kilichowasha moto hasa ni namna ilivyopita. Vyama vyote vikubwa vya wafanyakazi vilikuwa upande mmoja, hata CFDT ambao ni watu wa mezani sio wa barabarani. Waziri mkuu Borne alipoona kura bungeni hazina uhakika, tarehe 16 Machi 2023 akachomoa kifungu cha 49.3 cha katiba, muswada unapita bila kupigiwa kura labda wabunge waiangushe serikali nzima. Wakajaribu, zikapungua kura 9. Tisa mkuu! Usiku ule wa 49.3 ndio mapipa yalianza kuwaka kweli. Na mwisho wake umeuona, 2025 serikali ya Lecornu ikakubali kuisimamisha mpaka baada ya uchaguzi wa rais 2027 ili yenyewe isianguke. Vurugu zote zile tumerudi kusubiri.

Bibi_Baiskeli:
Wapole wapi, hapa Denmark watu wamenuna, mwenzangu wa kazini (tunawahudumia wazee majumbani, kuinua watu siku nzima) aliposikia 70 aliniuliza nani atamwinua nani. Ila Mzee_wa_Rangi3 elewa kitu kimoja, hiyo 70 haikuanza 2025. Mwaka 2006 vyama vikubwa vya kushoto na kulia vilikaa vikakubaliana umri wa kustaafu ufuate umri wa watu kuishi, kila baada ya miaka mitano bunge linaangalia hesabu linapiga kura, na nyongeza lazima itangazwe miaka 15 kabla. Sasa hivi ni 67, mwaka 2030 ni 68, 2035 ni 69, na hiyo 70 ni 2040, inawahusu waliozaliwa kuanzia 1971. Kwa hiyo mtu anajipanga. Kura zilikuwa 81 kwa 21, hakuna wa kushangaa.

Na hata hivyo imeanza kuwashinda. Wameweka mlango wa pembeni kwa waliochoka mwili, watu wanauita pensheni ya Arne, jina la mzee mmoja wa kiwanda cha bia aliyetumika kwenye kampeni, ukiwa na miaka 42 au zaidi kazini unatoka kabla ya wenzako mwaka mmoja mpaka mitatu. Na Mette Frederiksen mwenyewe, akiwa waziri mkuu, alishasema hii ya kupandisha moja kwa moja bila kikomo basi. Kingine ambacho hukioni kwenye TV, wengi hapa wana pensheni ya kazini waliyokubaliana vyama vya wafanyakazi na waajiri, ile ya serikali ni ya msingi tu. Mfaransa wa kawaida anaegemea mifuko ya lazima ya nchi nzima karibu kwa kila kitu, ukiigusa umegusa uji wake wa asubuhi.

Theluji_na_Tende:
Bibi nakuheshimu ila unawapamba. Vyama vikishakubaliana vyote mwananchi anampigia nani kura ya kukataa? Sisi Sweden ndio hivyohivyo, vyama vitano vilikubaliana 1994, sheria ikaja 1998, na hadi leo pensheni inashikwa na kikundi cha vyama kinachokaa chemba. Kazi nzuri kitaalamu sikatai. Asilimia 18.5 ya kipato inaandikwa kwa jina lako, 16 kwenye akaunti ya hesabu (pesa yenyewe inawalipa wazee wa leo) na 2.5 inaenda kwenye mifuko ya uwekezaji unachagua mwenyewe. Uchumi ukiyumba kuna breki, haihitaji mwanasiasa ajitoe mhanga, 2010 ilijifunga yenyewe na wastaafu wakapunguziwa. Hicho ndicho kikokotoo mzee, tofauti kila mwaka unaletewa bahasha ya rangi ya machungwa inakuonyesha ulipofikia.

Ya kwangu ya mwaka wa kwanza niliiweka juu ya friji nikidhani tangazo. Nilipokuja kuifungua na mwanangu ananitafsiria nikaona kama nitaishi kwa mkate na chumvi, maana nilianza kuchangia nina miaka 41 na nusu ya hiyo ni kazi za nusu siku. Halafu hiyo 2.5 ya kuchagua, kuna jamaa alinipigia simu anaongea kama ndugu, nihamishe mfuko, nikahamisha, makato yakawa makubwa kuliko faida. Nikarudi kwenye AP7 ambayo ndio unawekwa usipochagua kitu. Bora ningelala tu.

MwanaWaLikoni:
Nami niongeze ya Uingereza, ijapokuwa wao washatoka kwenye umoja. Babangu mdogo aliendesha basi London zaidi ya miaka thelathini, akarudi Mombasa kupumzika upepo wa bahari. Wenziwe waliobaki kule kila Aprili pensheni yapanda. Yake imegandishwa palepale ilipokuwa siku aliyorudi! Si kosa la ofisi, ndiyo sheria, ukihamia nchi isiyo na mkataba nao wa kupandisha pensheni kama Kenya, Tanzania, hata Kanada na Australia, hupandishiwi. Ukihamia Hispania au Marekani wapandishiwa. Michango ni ileile. Aniambia kila mwaka yeye huwa maskini polepole, hana barua ya kumwambia.

Na hilo la kuambiwa mapema Waingereza wanalijua vizuri, kuna kina mama waliozaliwa miaka ya 1950, sheria ya 1995 ilisema umri wao wapanda kutoka 60 kwenda 65, ya 2011 ikaongeza kasi, wengi wanasema barua ziliwafika wamechelewa, wengine tayari washaacha kazi. 2024 mchunguzi wa malalamiko alipendekeza walipwe fidia, serikali ikakataa.

Kamba_Mbili:
Hiyo ya kugandisha sikuijua aisee. Mpe pole mzee.

Kalamu_Bluu:
Swali la pili halijajibiwa. Pensheni ni mali ya kila nchi, Brussels (makao ya Umoja wa Ulaya) haina mamlaka ya kusema fulani astaafu lini, inatoa mapendekezo kila mwaka kwenye ukaguzi wa bajeti, na nchi inaweza kuyasoma ikayafungia maandazi. Poland walipandisha hadi 67 mwaka 2012, serikali nyingine ikaja, 2017 wakarudisha wanawake 60 wanaume 65. Ila kama una deni hadithi inabadilika, muulize Mgiriki, kuanzia 2010 pensheni zilikatwa mara kwa mara kwa masharti ya wakopeshaji. Italia 2011 nao walibanwa na masoko, waziri Fornero akalia mbele ya kamera alipokuwa anatangaza mabadiliko ya pensheni.

Kitu ambacho umoja umekifanya vizuri ni kuunganisha miaka. Ukichangia nchi mbili inajumlishwa uone kama umefikisha kiwango, halafu kila nchi inalipa kipande chake.

Mzee_wa_Rangi3:
Kumbe! Nina binamu kafanya Italia miaka 3, sasa yuko Ujerumani mwaka wa 4, analia kwamba ya Italia imepotea na Ujerumani wanataka mitano. Yeye pasi yake bado ya Tanzania, inamhusu?

Kalamu_Bluu:
Inamhusu kama anaishi kihalali, sheria iliongezwa 2010 kwa wasio raia wa umoja. Denmark ndio hawamo kwenye hiyo, Bibi_Baiskeli chunga. Binamu ana zaidi ya 6, mitano ya Ujerumani kashaivuka, na kila nchi itamlipa sehemu yake akitimiza masharti yake. Asikubali mtu amshauri achukue marejesho ya michango akirudi nyumbani bila kupiga hesabu, maana Ujerumani wanarudisha upande wake tu, wa mwajiri unabaki, na miaka inafutika.

Bibi_Baiskeli:
Loh. Mimi nilikuwa Ujerumani miaka 2 kabla ya kuja huku, nilishazisahau.

Kalamu_Bluu:
Umeshachukua uraia wa Denmark?

Bibi_Baiskeli:
Bado, mtihani wa lugha umenitoa jasho mara mbili.

Kalamu_Bluu:
Usitupe silipu ya mshahara hata moja. Na binamu wa mzee aingie kwenye tovuti ya INPS (mfuko wa pensheni) ya Italia achukue karatasi ya michango inaitwa estratto conto contributivo, aangalie kama mwajiri alipeleka miezi yote 36.

Mzee_wa_Rangi3:
Namtumia sasa hivi. Akikuta imepungua?

Kalamu_Bluu:
Basi aanze kumtafuta mwajiri leo, Italia ikipita miaka mitano kudai michango isiyopelekwa inakuwa ngumu.

Mzee_wa_Rangi3:
Aliondoka kule 2021...