Ndugu kanyimwa hifadhi Uingereza: rufaa inaamuliwaje, na sisi huku Mbeya tutume nini?

Wa Uyole
Wakuu, mdogo wangu yuko Leicester, ombi lake la ukimbizi limekataliwa. Barua inasema hawaamini kwamba alishambuliwa, na hata kama ni kweli angehamia Iringa au Dodoma. Mama yuko tayari kuongea na jaji kwa video. Majirani wako tayari kuandika barua. Jaji anaangalia nini hasa?

Karani wa Zamani
Kwanza tarehe. Ana siku 14 za kukata rufaa, na zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa, si alipoifungua. Zikipita, aombe kuongezewa muda na aambatanishe ushahidi wa kilichomchelewesha. Pia aisome barua vizuri: kama ombi limetajwa kuwa halina msingi kabisa, rufaa ya kawaida hana.

Jaji hakagui tu kazi ya ofisa wa uhamiaji aliyekataa ombi. Anasikiliza upya, kwa hali ilivyo siku ya shauri. Walioomba kuanzia 28 Juni 2022 wana vipimo viwili. Kwamba yeye ni wa kundi analosema linaandamwa, na kwamba anaogopa kweli, lazima ionekane ina uzito kuliko kinyume chake. Hatari akirudi inapimwa kwa kiwango cha chini zaidi: inatosha kuwa na uwezekano wa maana.

Mama Sheria, Mwanjelwa
Barua kumi za majirani zenye maneno yale yale zitamwumiza. Bora mbili za watu walioona, kila mmoja aeleze alichoona, alisimama wapi, tarehe gani.

Tafuteni PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya aliyeumizwa) na namba ya RB (ya taarifa iliyoandikishwa polisi) kituoni. Kisha linganisheni tarehe ya muhuri na alichosema kwenye usaili, kwa sababu hapo ndipo kesi nyingi hufia: PF3 inasema Machi, yeye alisema Mei. Kama kuna tofauti, aieleze mwenyewe kwenye maelezo yake kabla hajaulizwa. Tumeni nakala halisi na bahasha ya posta itunzwe, maana watauliza karatasi zilifikaje. Kila cha Kiswahili kitafsiriwe chote, mtafsiri aweke jina, sahihi na tarehe.

Mama aandike maelezo. Ushahidi wa mdomo kwa video kutoka nje ya Uingereza unahitaji nchi alipo shahidi isiwe na pingamizi, na kulifuatilia hilo kunachukua muda. Wa maandishi hauhitaji.

Mzee wa Ipogolo
Hoja ya Iringa msiipuuze, hata akiaminiwa kwa yote inaweza kumwangusha. "Iringa ni karibu" si jibu. Waliomshambulia wana uwezo gani wa kumfikia huko? Wana ndugu, biashara, mtu serikalini? Aliripoti polisi, wakafanya nini? Halafu kuna swali la pili: hata akiwa salama, je, kumtaka aishi huko ni kumwonea? Hapo afya, kazi na kukosa ndugu vina nafasi, ila ugumu wa maisha wa kawaida hautoshi.

Akishindwa kwa jaji huyo wa kwanza, Baraza la Juu (Upper Tribunal, ngazi inayofuata ya rufaa) halisikilizi hadithi upya. Anaomba kibali kwanza, tena ndani ya siku 14, kwa kuonyesha jaji alikosea sheria, mfano aliruka ushahidi muhimu bila kutoa sababu. "Jaji hakuniamini" peke yake haipiti.