Taa ya ABS inawaka nikikata kona, fundi anasema ninunue sensa. Naombeni ushauri

MtuWaMwanga
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga, natumia Toyota IST. Wiki ya tatu sasa taa ya ABS (ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) inanisumbua. Asubuhi nawasha gari, taa inazimika kama kawaida, natelemka na Lumumba kwenda stesheni. Nikikata kona ya kulia tu, hiyo imewaka. Nikizima gari na kuwasha tena, imepotea. Kuna siku kabla haijawaka pedeli ya breki ilinitetemekea mguuni, krrr, niko karibu kusimama nyuma ya bodaboda. Jasho lilinitoka.

Fundi kapima kwa mashine, ikatoa C0205. Anasema sensa ya mbele kushoto, ile inayosoma mzunguko wa gurudumu, imekufa, nitoe hela iagizwe Dar. Ada za watoto nazo zinanisubiri. Ni kweli sensa? Na breki ni salama? Ijumaa natakiwa Kasulu.

SpanaKumi
Mkuu, hiyo namba haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta haipati taarifa inayoeleweka kutoka gurudumu la mbele kushoto. Hapo katikati kuna soketi, waya, sensa yenyewe, na ringi ya meno kwenye draivu shafti ambayo sensa inaisoma. Chochote kati ya hivyo kikileta ukorofi, namba inatoka hiyohiyo. Sensa iliyokufa kabisa haisubiri kona. Kinachosubiri kona ni waya. Upande huo umeguswa karibuni? Shokapu, beringi, kalipa?

Breki za kawaida zipo hata ABS ikijizima, ila ukikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi tairi zinajifunga na usukani hausikii. Kasulu nenda mwendo wa pole. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, usitoke kabla hujaangalia mafuta ya breki.

Kidevu
Bandika solotepu juu ya hiyo taa, kesi imekwisha. Yangu mwaka wa nne huu.

SpanaKumi
Kidevu, masika tutakuja kukuvuta mtaroni.

MamaPremio
Mimi niko Tabora, Ipuli. Mdogo wangu, yalinikuta. Pedeli ilikuwa ikitetemeka kila nikikaribia kusimama, nikanunua sensa, ikafungwa, tatizo palepale. Kumbe ringi ilikuwa imepasuka kwa kutu, ufa mwembamba kama unywele. Ile sensa bado ninayo kabatini, haina kazi. Wakifungua, zungusha gurudumu polepole na tochi mkononi, uangalie kila jino.

Waya_Mmoja
Kwa Toyota nyingi za umri wa IST hata mashine huhitaji. Kwenye soketi ya kupimia chini ya dashibodi, unganisha tundu namba 4 na 13 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS itapepesa: mara tatu, kimya kidogo, mara mbili. Hiyo ni 32, mbele kushoto. 31 ni mbele kulia. 33 na 34 ni nyuma kulia na kushoto. Hesabu matundu vizuri, namba 16 ni moto wa betri, usiiguse.

Halafu chomoa soketi ya sensa, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye ohm, yaani ukinzani wa waya, linganisha kushoto na kulia. Mtu azungushe usukani mwisho hadi mwisho huku unasoma. Hii ni kwa sensa za sumaku zisizopewa umeme. Zile za kisasa ukizipima ohm utadanganyika.

MtuWaMwanga
Mrejesho. SpanaKumi, kweli shokapu za mbele nilibadilisha mwezi uliopita, sikuliwaza kabisa. Multimita: kulia kilo-ohm 1.4. Kushoto 1.4 usukani ukiwa umenyooka, tukikata kulia namba inapotea. Tukatoa tairi. Waya wa sensa unaning'inia, ile klipu ya kuushika kwenye shokapu haina boliti! Tairi limeula mpaka shaba inaonekana, karibu kabisa na shingo ya sensa, hata pa kulehemu hapapo.

SpanaKumi
Basi sasa nunua, hela haiendi bure. Hata ya mtumba ya Kariakoo inafaa, mradi namba ya kipuri ifanane, maana ya kushoto na ya kulia hazifanani. Kuitoa ni boliti moja, spana namba 10. Ikigoma usiipige nyundo. Weka mafuta ya kulegeza kutu, izungushe kulia na kushoto.

MtuWaMwanga
Umechelewa kusema, fundi alishaipiga. Ilikatikia ndani, tukashinda mpaka magharibi tukiichimbua kipande kwa kipande. Meno ya ringi yote mazima, yamejaa tope jekundu tu, tukayasugua kwa brashi. Tundu tukalipiga msasa mpaka ile ya Kariakoo ikaingia kwa mkono na kukaa sawa. Ile C0205 tumeifuta, nimeshuka stesheni na kupanda mara tatu. Taa kimya.

MamaPremio
Hongera. Na boliti ya klipu?

MtuWaMwanga
Imefungwa dada. Safari hii nilichuchumaa pembeni yake mpaka akaikaza, kisha nikazungusha usukani mwisho hadi mwisho, waya haugusi tairi.