Balto wa katuni na Balto wa kweli: sifa ni za nani?

mpenda_katuni: Wakuu, kwenye katuni ya 1995 Balto ni chotara wa mbwa mwitu na ndiye anayeokoa mji wa Nome. Wengine wanasema shujaa halisi ni mbwa mwingine, Togo, Balto kabebwa tu. Ukweli ni upi?

Nahodha wa Barafu: Mkuu, ile ilikuwa kama mbio za vijiti. Januari 1925 dondakoo ililipuka Nome, Alaska, wakati bahari imeganda na meli haziingii. Treni ilifikisha dawa mji wa Nenana, na kutoka hapo waendesha sleji (gari la thelujini linalovutwa na mbwa) 20 na mbwa wapatao 150 waliipokezana km 1,085 kwa siku tano na nusu. Chupa zilikuwa za kioo, zimeviringishiwa kitambaa kizito ndani ya mkebe wa chuma. Hofu ilikuwa kupasuka na kuganda, ndiyo maana njiani mkebe uliingizwa ndani ya vibanda upate joto.

Mwendesha sleji Seppala na Togo, mbwa wa miaka 12, walitoka Nome kuifuata dawa. Ukijumlisha kwenda na kurudi ni zaidi ya km 400, na kama 146 kati ya hizo wakiwa na mkebe. Walikatiza barafu ya ghuba ya Norton Sound, ambayo upepo ukibadilika humeguka na kuelea baharini na wewe juu yake.

Mwendesha sleji Kaasen na Balto walikimbia kipande cha mwisho, kama km 85, usiku, ndani ya tufani. Upepo uliipindua sleji, mkebe ukazama thelujini, Kaasen akaupapasa kwa mikono mitupu. Hiyo nayo si kazi ndogo. Ila aliyefika Nome alfajiri ya Februari 2 ndiye aliyepigwa picha.

Kambaa: Naongezea. Uchunguzi wa DNA wa 2023 haukukuta damu ya mbwa mwitu kwa Balto. Tena alikuwa amehasiwa, kwa hiyo wale watoto wa katuni iliyofuata wametoka hewani! Uzao wa Togo ndio ulioendelea.

Na mbwa wa mbele, kama Togo na Balto, si lazima awe mwenye nguvu kuliko wote. Mzigo mkubwa huwaelemea wawili walio karibu na sleji. Wa mbele anasikia amri, "gee" kulia na "haw" kushoto, anatafuta njia iliyofukiwa, na barafu ikiwa mbovu anakataa kwenda hata akiamriwa.

mpenda_katuni: Baada ya hapo?

Nahodha wa Barafu: Balto na wenzake waliishia kwenye maonyesho ya viingilio Los Angeles. Watu wa mji wa Cleveland wakachanga dola 2,000, watoto wakitoa senti zao, na mbwa wakahamishiwa bustani ya wanyama huko 1927. Balto alikufa 1933, na mwili wake uliokaushwa uko makumbusho ya Cleveland. Mwili wa Togo uko Wasilla, Alaska, na filamu yake ilitoka 2019 tu.

mpenda_katuni: Basi ile sanamu ya Balto ya Central Park, New York, wamekosea?

Kambaa: Umbo ni la Balto, na mgongo umeng'aa kwa watoto wanaoupanda. Lakini soma kibao: kinawasifu mbwa wote waliopokezana dawa kutoka Nenana hadi Nome.