Re: Nyumba ndogo ya mama kule Lubumbashi: madirisha yatazame wapi?

Kutoka: Dada wa Katuba, Liège

Ndugu zangu, hamjambo. Mama alipata kiharusi mwaka juzi na mguu wa kushoto haujarudi sawasawa. Ndani anajikokota na fimbo, nje tunamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Nyumba ya Katuba ina ngazi mlangoni, na choo kiko nyuma ya kiwanja; mvua ikinyesha hapafikiki. Watoto wote tumekubaliana tumjengee kwenye parseli (kiwanja) ya Kalubwe, mtaa mwingine wa Lubumbashi: vyumba viwili, saluni (sebule), jiko na bafu, mita za mraba 80 hivi, bila ngazi hata moja, na isiwe nyumba ya kula umeme.

Jirani yangu hapa ni mchoraji wa majengo, Mbelgiji, mtu mwema. Ametuchorea bure: kioo kikubwa cha saluni upande wa kusini, kuta na milango ya kuziba hewa kabisa, sufu nene ya kukinga baridi chini ya sakafu. Kwenye karatasi inapendeza. Kaka yetu mkubwa naye anataka gorofa, eti watu watasemaje watoto wako Ulaya halafu wamejenga kibanda. Naomba mawazo yenu kabla pesa hazijaondoka.


Kutoka: Yaya wa Kampemba, Lubumbashi

Dada, pole kwa mama. Mimi kazi yangu ni majengo, na michoro ya namna hii inanifikia kila mara. Mshukuru jirani, kisha mchoro wake uugeuze.

Huko Liège jua la saa sita mchana liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo mchoraji wa Ulaya akifikiria kuokoa umeme, mkono wake unakwenda kusini wenyewe. Sisi hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, tuko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa 6 na wa 7, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10 na watu wanalala na makoti, jua linachomoza kaskazini-mashariki, linapita kaskazini, linatua kaskazini-magharibi. Saa sita mchana liko nyuzi 55 hivi juu ya upeo. Kioo cha kusini hakilioni kabisa. Mama atakaa saluni amejifunika blanketi, na jua lote linapasha ukuta wa choo upande wa pili.

Halafu angalia Oktoba. Karibu na tarehe 24 jua linakuwa utosini, na tena karibu na tarehe 18 Februari. Katikati ya tarehe hizo linapita kusini kidogo tu, likiwa juu sana. Na Oktoba ndiyo joto letu lenyewe: mvua haijakaa sawa, vumbi bado liko hewani, kila mtu anatafuta mwembe. Jua la utosini halina haja na dirisha. Linapiga paa. Ndiyo maana kila anayeniletea mchoro kutoka nje namwambia jambo moja: pesa iende kwenye paa na kwenye usawa wa sakafu. Kioo kitanunuliwa na kitakachobaki.

Paa, basi. Malata (mabati) matupu juu ya kichwa cha mgonjwa ni sufuria iliyofunikwa. Weka plafon (dari), na kati ya plafon na malata uache nafasi inayopumua: matundu chini ya kingo za paa, matundu mengine juu kwenye pembe za kuta za mwisho, yote na wavu ili popo wasihamie. Ile sufu ambayo jirani yako ameipanga chini ya sakafu, ipandishe juu ya plafon, sentimita 10 zinatosha. Sakafu iache igusane na ardhi. Oktoba ubaridi wa ardhi ndio klimatizasyoni (kiyoyozi) yako, na hauna bili. Malata yawe ya rangi nyeupe au ya kung'aa. Yale ya nyekundu nzito yanapendeza kwenye picha, lakini yanakunywa joto.

Nyumba ilale mashariki-magharibi, ndefu upande huo, nyembamba upande mwingine. Ukuta wa magharibi usiwe na dirisha kubwa. Huko weka stoo na bafu, vyumba ambavyo hakuna anayekaa saa tisa mchana. Saluni na chumba cha mama vitazame kaskazini. Na madirisha ya kaskazini usiyapandishe juu kama ya ofisi. Kizingiti chake cha chini kiwe sentimita 60 kutoka sakafuni. Hapo unapata mambo mawili kwa tofali moja: jua la Juni linaingia hadi magotini pa mama, na yeye akiwa amekaa anaona geti na anayepita, badala ya kutazama mbingu. Upande huo kingo ya paa isitoke sana, sentimita 50 hadi 60. Kule kwenye barza (veranda) ya mashariki itoke hata mita moja na nusu, akae hapo jioni.

Kuta: matofali ya kuchoma ya udongo wa kichuguu yako kila kona ya jiji, na ukuta wa tofali nzima unabeba joto la mchana mpaka usiku, jambo zuri mwezi wa 7. Ubaya ni kwamba tanuri zake zinakula miti ya miombo kama makala (makaa) yanavyoila. Ukimpata fundi mwenye mashine ya kushindilia, matofali ya udongo na simenti kidogo yasiyochomwa yanafanya kazi ileile, ila yanataka msingi mkavu na paa linaloyafunika vizuri.

Gorofa: kaka mkubwa ajenge ya kwake, akae yeye juu.


Kutoka: Mwana-Kamalondo, Bruxelles

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa, kwa hiyo niachieni bafu.

Dada, mafundi wetu wamezoea mlango wa choo wa sentimita 70. Kiti cha magurudumu chenyewe kina upana wa 65 hadi 70, na bado kuna vidole vya mama kwenye magurudumu. Agiza milango yote ya ndani iachie nafasi wazi ya 85 au 90, ukipima baada ya fremu na bawaba. Pima mwenyewe kwa video kabla hawajapiga plasta. Ndani ya bafu na mbele ya kitanda lazima duara la mita moja na nusu libaki tupu. Hapo ndipo kiti kinageuka. Kwenye mita 80 za mraba duara hilo linapatikana ukiua korido. Korido ni nafasi unayoilipia halafu hakuna anayeishi humo.

Mlango wa bafu ufunguke kwa nje au uwe wa kuteleza ukutani. Ukifunguka kwa ndani na mama akaanguka nyuma yake, mwili wake wenyewe unaufunga na hakuna wa kuingia. Nimeona hilo kazini.

Sehemu ya kuogea isiwe na ukingo. Sakafu iinamie kwenye tundu la maji kwa sentimita mbili kila mita, marumaru ndogondogo zisizoteleza, na kiti cha kuogea. Kiti cha choo kiwe na urefu wa 45 hadi 50, na pembeni yake, upande wa mkono wake wenye nguvu, nafasi ya 90 ya kuegesha kiti cha magurudumu. Huo mkono wenye nguvu ni wa kulia, ikiwa mguu mbovu ni wa kushoto, lakini muulize daktari wake. Vyuma vya kushikilia vikae kwenye urefu wa 80. Na hapa naomba msikie: ukuta huo ujengwe kwa matofali yaliyojaa, si bloki zenye matundu. Chuma kinapong'oka ukutani na uzito wa mtu, hakijamsaidia.

Swichi na soketi ziwe kati ya sentimita 40 na 120. Basi.

Kuhusu kuingia: sakafu za kwetu zinainuliwa kwa sababu ya mvua, na ni sawa. Ikiwa juu kwa sentimita 30, mteremko wa 1 kwa 12 unataka mita 3.6. Huo ni wa kusukumwa na kijana. Mama ajisukume mwenyewe? Fanya 1 kwa 20, mita 6. Usiujenge kama daraja la zege mbele ya mlango, inaonekana kama zahanati. Inueni njia ya bustani polepole toka getini, na maua pembeni, hakuna atakayejua kwamba ni mteremko. Mbele ya kizingiti wekeni kanivo (mfereji) yenye wavu wa chuma, iwe chini ya barza, maji ya Januari yaingie humo badala ya saluni.


Kutoka: Baba wa Charleroi

Fupi tu. Hati iwe kwa jina la nani? Uraia wa Kongo haushikwi pamoja na mwingine, Katiba ya 2006 inasema hivyo, na sheria ya ardhi ya 1973 inampa Mkongomani peke yake haki ya kudumu juu ya kiwanja. Mgeni anapewa ya muda. Kati yenu wenye pasipoti ya Ubelgiji msikimbilie kuandikwa. Mwandikeni mama, na mkubaliane kwa maandishi mapema nini kitafuata baadaye. Nimeona ndugu wanaacha kusalimiana kwa sababu ya parseli.


Kutoka: Mdogo wenu, Johannesburg

Shikamooni wakubwa. Mimi nafunga sola. Yaya amesema nyumba ilale mashariki-magharibi, basi upande mmoja wa paa unatazama kaskazini wenyewe. Upeni mwinamo wa nyuzi 15, yaani kama sentimita 27 kila mita, paneli zilale juu ya malata bila kujengewa vyuma. Kusini ni kwa watu wa Ulaya. Mwinamo huo unasaidia mvua ya kwanza kuosha vumbi, ila Agosti na Septemba lazima kijana apande na ndoo.

Umeme wa kwetu mnaujua. Nzilo, Nseke, Mwadingusha na Koni, mabwawa yote hayo yako upande wetu, lakini migodi ina njaa kuliko sisi. Sola ya nyumba ndogo inawezekana mkipunguza kwanza. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60. Frigo nzuri, televisheni, simu, pampu ya maji, hivyo vinabebwa. Kinachovunja hesabu ni kila kitu kinachotengeneza moto: pasi, birika, tangi la maji ya kuoga la umeme. Maji ya kuoga yapashwe na jua moja kwa moja kwenye tangi la juu ya paa. Betri ziwe za lithiamu-chuma-fosfeti, ndani ya stoo, mbali na kitanda.

Na mvua msiipoteze. Mililita... samahani, milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Lubumbashi inapata kama milimita 1,200 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita 100 linapokea lita 120,000. Nyingi zitamwagika, na toka Mei hadi Septemba hakuna kitu, lakini tangi la lita 10,000 litamwagilia bustani ya mama wiki nyingi.


Kutoka: Dada wa Katuba, Liège

Asanteni sana, nimemwonyesha jirani ujumbe wa Yaya, akacheka, akachukua kalamu. Kaka mkubwa amenyamaza, na kwa anayemjua hiyo ni ndiyo. Linabaki moja: mama hataki kusikia habari ya jiko la umeme. Anasema bukari (ugali) haiivi sawasawa bila makala. Na mwezi wa 7 anaingiza mbabula (jiko la makaa) chumbani.


Kutoka: Yaya wa Kampemba, Lubumbashi

Hapo ndipo kuziba hewa kwa jirani kungetuletea msiba. Nyumba za zamani zina mianya kila mahali, na mianya hiyo imeokoa wengi bila wao kujua. Makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Ukifunga milango ya kisasa yenye mpira, mtu analala na haamki. Kwa hiyo tundu la hewa juu karibu na plafon, na lingine chini, katika kila chumba cha kulala, yasiyoweza kufungwa. Mbabula isivuke kizingiti, na ili isivuke, chumba kiwe na joto: jua la kaskazini mchana, pazia nzito saa kumi na moja, chupa ya maji ya moto kitandani.

Bukari apike. Mjengee jiko la nje lililofunikwa, linaloungana na nyumba bila ngazi, upande wa kaskazini-magharibi, maana kiangazi upepo wetu unatoka kusini-mashariki na moshi utakwenda zake. Mbabula ikae juu ya meza ya matofali yenye urefu wa sentimita 40, na mbele ya meza acha nafasi ya magoti. Sufuria ishikwe na mtu mwingine, yeye asonge.

Nitumie vipimo vya parseli na mahali mwembe ulipo kabla fundi hajapiga kamba ya msingi. Ukiwa upande wa magharibi, msiukate.