MJADALA: Mjomba ana miaka 74 na bado anaendesha. Nani wa kumwambia basi?

Mleta mada (Chikongola, Mtwara mjini)

Wadau, hili limeigawa familia yetu, acha nilimwage hapa. Mjomba ana pikapu yake kuukuu, na kila wiki anatoka nayo mjini kwenda shamba lake la korosho huko Nanyamba. Hajawahi kugonga mtu. Ila mwezi uliopita nilipokuwa naiosha nikagundua mikwaruzo yote iko ubavu wa kushoto. Mlango wa kushoto, bampa pembe ya kushoto, saitimira ya kushoto imefungwa kwa mpira wa tairi. Kulia hakuna hata alama. Na kila mkwaruzo una maelezo yake: huu wa nguzo ya geti, huu wa mwembe, huu wa "kijana wa boda aliyenibana".

Tukampeleka kupima macho. Herufi za ukutani alizisoma zote mpaka mstari wa chini, akatugeukia anacheka. Daktari akamwambia amtazame puani tu, huku yeye akichezesha kidole pembeni. Upande wa kulia mjomba akakiona mapema. Kushoto, kidole kilikaribia shavu ndipo akasema "naam". Presha ya macho. Kwake haikuuma hata siku moja, ilianza kula pembeni taratibu, na ilichokula hakirudi. Matone yanazuia tu isiendelee. Si kama mtoto wa jicho, ambaye anatolewa mtu akaona tena. Na sisi tunaendesha kushoto: upande asiouona ndio wanakopita watembea kwa miguu na watoto wa shule.

Leseni yetu ni ya miaka 5. Mimi nasema kuanzia miaka 65 iwe miwili, na asiyepimwa macho, mpaka pembeni, asihuishiwe. Uingereza ukifika 70 unahuisha kila baada ya miaka 3. Japani ukifika 75 unapimwa hadi kumbukumbu. Nipingeni.

Mchangiaji wa Lindi

Nakupinga. Huko Uingereza mzee anajaza mwenyewe kwamba yu mzima, basi. Hapa hicho cheti cha macho kitauzwa stendi. Halafu kaa Mnazi Mmoja, hii ya huku kwetu Lindi, siku moja uwahesabu wanaoovateki kwenye kona, uniambie umeona mvi ngapi. Anzeni na vijana.

Mchangiaji wa Masasi

Nina miaka 68, nimeendesha lori miaka 31. Usiku niliacha mwenyewe. Ukipishana na gari limewasha fulu, kijana anapigwa na mwanga kidogo tu macho yanarudi. Mimi nilikuwa naendesha kwa kukisia mpaka nimeshalipita mbali. Nilikuja kuelezwa kwamba jicho la miaka 60 linapokea kama theluthi tu ya mwanga unaoingia jicho la kijana wa 20. Hakuna aliyenilazimisha. Mwacheni mjomba aache mwenyewe. Mkimnyang'anya funguo atabaki barazani, maana boda kwa magoti ya miaka 74 haipandiki, na shamba litaliwa na majani. Tena wewe ni mpwa. Huku kwetu tangu lini mpwa akamwamrisha mjomba?

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Wewe giza uliliona, ndiyo maana ukaacha. Mjomba pengo lake halioni. Daktari alisema ubongo unaliziba, kwa hiyo yeye anaiona barabara nzima. Ataachaje kwa ajili ya kitu asichojua kuwa amekipoteza? Hapo ndipo "ataacha mwenyewe" inaponishinda.

Mdau wa Lindi, kwa hilo la cheti kuuzwa sina jibu, umenibana.

Kuhusu upwa, ni kweli, funguo sijazigusa. Aliyezungumza naye ni mama, dada yake mkubwa, na hata yeye hakutaja macho. Alimwambia tu, "Jumamosi nipeleke na mimi shamba, ila mtoto ashike usukani, tupate kuongea." Wakaenda. Mwanangu kwenye usukani, mjomba kushoto kwake akimfokea juu ya gia tangu nyumbani mpaka Naliendele. Alirudi amechoka lakini ana furaha, na Jumamosi iliyofuata hakuulizia funguo.

Ila Oktoba mtoto anarudi chuo, na ndiyo korosho zinaanguka, mjomba atataka kwenda kila siku. Mwenye wazo la Oktoba aseme.