Naomba ushauri: upasuaji wa matundu madogo, kuchoma utando wa ndani ya kizazi, au nitoe kizazi?

Mama wa Mmoja: Habari zenu wapendwa. Nina miaka 36, mtoto mmoja. Huu mwaka wa sita, siku zangu zikifika nalala juu ya taulo jeusi nililolikunja mara mbili, na nategesha alamu saa nane usiku niamke kubadili pedi kabla haijavuja. Damu inatoka na mabonge. Maumivu yananianza siku tatu kabla, na nikienda haja kubwa nalia. Wingi wa damu umeshuka mpaka 8.1. Daktari anasema ni endometriosisi, yaani utando kama ule wa ndani ya kizazi kuota nje yake, kanipa njia hizo tatu nichague wiki ijayo. Mume wangu kaniachia niamue. Mtoto wa pili bado namtamani. Mliopitia haya, nisaidieni.

Dada Mkubwa: Pole sana mdogo wangu. Hapo una matatizo mawili, damu na maumivu, na dawa yake si lazima iwe moja. Kuchoma utando kunapunguza damu. Vidonda vya endometriosisi viko nje ya kizazi, kwenye ovari na nyuma karibu na utumbo, huko hakugusi. Na kwa kuwa unatamani mtoto, hiyo iondoe kabisa. Mimba inayoingia baada ya kuchomwa ni ya hatari kwa mama na kwa mtoto, ndiyo maana hata waliochomwa huambiwa waendelee kuzuia mimba.

Nimepona Nusu: Mimi nimepasuliwa kwa matundu mara mbili. Ya kwanza walivichoma vidonda juu juu, mwaka haukuisha maumivu yakarudi. Ya pili nilitafuta daktari mzoefu wa ugonjwa huu, akavikata na kuvitoa. Huu mwaka wa nne natembea. Kwa hiyo muulize wako: utakata au utachoma? Umeshafanya wangapi? Vikikutwa kwenye utumbo au kibofu, nani atasaidia? Na usishtuke ukiamka bega linauma kuliko tumbo, ni ile gesi wanayojazia. Inaisha baada ya siku chache.

Jasiri: Mimi nilitoa kizazi na sijuti hata siku moja. Damu kwisha! Ila nilikuwa nimemaliza kuzaa, na ovari zangu waliziacha. Dada yangu walimtoa kizazi na ovari zote mbili, joto la kukoma hedhi likampanda wiki hiyohiyo, na kwa kuwa vidonda vya nyuma havikuguswa, maumivu yakabaki. Usikubali kuambiwa kutoa kizazi ndiyo mwisho wa endometriosisi.

Muuguzi wa Zamu: Dada, 8.1 ni ndogo mno. Upasuaji huu si wa dharura, omba kwanza damu ipandishwe kwa madini ya chuma, ya vidonge au ya mshipa, na uulize dawa ya kupunguza damu siku za hedhi. Pia damu nyingi hivyo mara nyingi ina sababu yake: faibroidi (uvimbe wa kizazi), au adenomiosisi, yaani utando kuota ndani ya msuli wa kizazi. Ripoti yako ya ultrasaundi inasemaje? Na kama kuna uvimbe kwenye ovari, upimwe akiba ya mayai kabla hawajaugusa, maana kuutoa kunaweza kuipunguza.

Mama wa Mmoja: Mungu awabariki. Nimeitoa ripoti kabatini sasa hivi. Imeandikwa kizazi kimetuna, ukuta wa nyuma ni mnene kuliko wa mbele. Hakuna aliyenieleza hilo.

Muuguzi wa Zamu: Hiyo inaelekea adenomiosisi. Nenda nayo, uliza kama kipimo cha picha cha MRI kinahitajika. Uliza na kitanzi chenye homoni, wanaweza kukuwekea ukiwa bado umelala baada ya vidonda kukatwa. Kinapunguza damu, na siku ukitaka mtoto kinatolewa.

Nimepona Nusu: Kweli, ninacho. Miezi ya mwanzo matone hayakukatika, nusura nikitoe. Vumilia.

Mama wa Mmoja: Nimepiga simu kusogeza miadi. Kuchoma nimeshakufuta. Vidonge vya chuma naanza leo usiku, nikiamka na ile alamu.