Mrejesho: gitaa langu la relic lililobanduka rangi

Assalaam aleikum wadau, ni mimi nilouliza kuhusu Telecaster yangu (gitaa la umeme) ya relic, yaani iliyozeeshwa makusudi kiwandani ionekane kuukuu, ilobanduka rangi ukingoni stendi ilipoangushwa mazoezini Michenzani, niitengeneze au niiache. Ahsanteni sana! Nimemfata yule alosema nisipake rangi mpya, nizuie tu isizidi kubanduka, basi nikatia supagluu kidogo kwa ncha ya kijiti pale nitro (aina ya vanishi ya gitaa) iliponyanyuka, ikakauka, nikasugua taratibu kwa msasa namba 2000 na ufa haujaenda mbele. Ile ya kupaka kahawa ubao ulobaki wazi ufanane na mikwaruzo mingine imekubali nusu tu, bado pamekaa peupe, lakini sirudii tena, mkono na jasho la huku pwani vitamalizia. Fundi alotaka kupiga rangi bodi nzima nimemkatalia, angefuta uzee wote niloulipia.